Masanduku ya Bati na Mlima wa Theluji
Shule ya kimataifa ni kitu gani, na mtoto wa Juba atafuata nini huko?

Muhula wa masomo unapokaribia kufunguliwa, mabasi yaendayo Nimule huondoka Juba yakiwa na masanduku ya bati. Kila sanduku limetiwa kufuli na kuandikwa jina la mtoto kwa rangi nyeupe, na juu yake limefungwa godoro lililokunjwa. Mama husimama akihesabu kwa vidole: shuka mbili, blanketi, ndoo, sabuni, madaftari, hati ya kusafiria. Baba, ikiwa ni askari na amepata ruhusa, husimama kando kimya, au hujitia kuzungumza na dereva. Ikiwa yuko kambini, husema kwa simu yale ambayo angaliyasema kituoni. Kisha basi hushika ile barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012, na jioni ile nyumba hula chakula ikiwa na mtu mmoja pungufu.

Wengi wa watoto hao huenda Uganda na Kenya. Lakini siku hizi kuna maneno mawili yanayozidi kutajwa katika mazungumzo ya wazazi: “shule ya kimataifa”. Maneno hayo yameandikwa juu ya malango mengi katika Afrika ya Mashariki, malango makubwa na madogo, na kwa ajili yake mzazi huombwa fedha ambazo mshahara wa askari au polisi hauzijui. Hapana budi basi mwenye kutoa fedha ajue anunuacho. Na njia bora ya kujua si kusikiliza sifa, bali ni kuitazama shule moja ambayo umri wake umetosha kuipima. Shule hiyo ipo Moshi, nchini Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Safari isiyo ngeni

Kabla ya kufika Moshi, yafaa ikumbukwe kwamba kwenda mbali kutafuta elimu si jambo jipya kwa watu wa Juba. Wakati wa utawala wa Waingereza elimu ya kusini ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Shule ya sekondari ya kwanza ya serikali kwa ajili ya eneo lote hilo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na makao yake yakawa Rumbek, mbali na Juba. Kijana aliyetaka kuendelea aliacha kwao na kuishi miongoni mwa vijana wa makabila asiyoyafahamu. Kwa hiyo kusoma ugenini kulianza ndani ya nchi yenyewe.

Baadaye vita vikaifanya safari hiyo kuwa ndefu zaidi. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ilizichukua shule za misheni, na mwaka 1964 wamisionari wa kigeni wakafukuzwa kusini. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa 1960 wanafunzi wengi walivuka mpaka wakaingia Uganda, Kenya, Kongo na kwingineko. Miongoni mwao alikuwako kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye mwaka 1962 alitaka kuingia vitani, akaambiwa na wakubwa wa vita kwamba umri wake bado ni mdogo, aende akasome kwanza. Alikwenda Tanzania, akasoma sekondari ya Magamba huko Lushoto. Kijana huyo alikuwa John Garang. Kutoka hapo alipata nafasi ya kusoma Marekani, akahitimu shahada ya uchumi katika chuo cha Grinnell mwaka 1969, kisha akarejea tena Tanzania kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Safari yake ya elimu ilipita Tanzania na Marekani kabla ya kurudi alikotoka.

Hata Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kilipata kuwa mkimbizi. Kiliundwa mwaka 1975, kikaanza kufundisha mwaka 1977, na mwaka 1989, kwa sababu ya vita, kikahamishiwa Khartoum. Kilirudi nyumbani baada ya nchi kupata amani na uhuru. Ikiwa chuo kizima kiliweza kufungasha na kuondoka, mtu asishangae kuona sanduku la mtoto mmoja juu ya basi.

Kwa miaka ya vita vya pili, 1983 hadi 2005, watoto wa taifa moja walifundishwa kwa mitaala mingi. Katika miji iliyoshikwa na serikali, Juba ikiwa mmojawapo, walisoma kwa Kiarabu wakifuata mtaala wa Sudan. Katika maeneo ya wapiganaji walitumia vitabu vya Kenya na Uganda. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 1992, walifanya mitihani ya Kenya. Amani iliposainiwa Januari 2005, na uhuru ulipotangazwa tarehe 9 Julai 2011, vijana hao walikutana katika mji mmoja, na kila mmoja alikuwa na cheti chake na lugha yake ya darasani. Mtaala wa taifa zima ulizinduliwa Juba mwaka 2015, wenye miaka minane ya msingi na minne ya sekondari. Mzazi aliyepitia hayo yote ndiye leo aulizwaye kama anataka mwanawe afuate mtaala wa kimataifa. Yafaa aelezwe taratibu.

Shule iliyozaliwa na hospitali

Shule ya Moshi ilianzishwa mwaka 1969. Miaka miwili kabla ya hapo, Februari 1967, Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha, na mwezi Machi wa mwaka ule Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo huo makanisa yalikuwa yakijenga hospitali kubwa mjini Moshi, ile ijulikanayo kwa herufi KCMC, ambayo Mwalimu aliifungua Machi 1971. Hospitali ya namna ile ilihitaji madaktari na wauguzi mabingwa, na wengi wao siku hizo walitoka nchi za nje. Watu hao walikuwa na watoto, na watoto wale walikuwa na shida moja: baada ya mkataba wa miaka miwili au mitatu wangehamia nchi nyingine. Wangesoma kwa mtaala gani ambao usingekatika njiani?

Jibu likawa kuanzisha shule ya kimataifa. Kwa hiyo maana ya kwanza ya maneno hayo haikuwa fahari wala majengo. Ilikuwa ni haja ya kawaida ya mtoto ambaye kazi ya mzazi wake humhamisha. Familia za askari zitaielewa haja hiyo upesi kuliko watu wengine, kwa maana nazo huhama kwa amri, na mtoto wa kambini huweza kuanza darasa mahali pamoja na kulimaliza mahali pengine.

Shule ile, iliyoitwa Shule ya Kimataifa ya Moshi, ilikua. Mwaka 1977 ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kabisa barani Afrika kufundisha Diploma ya Bakalorea ya Kimataifa. Mwaka 1987 ilifungua tawi mjini Arusha, umbali wa kilomita themanini hivi. Na mwaka 2019 ilijiunga na umoja wa shule uitwao United World Colleges, ujulikanao kwa herufi UWC, ikawa ya kumi na nane katika umoja huo na kubadili jina kuwa UWC East Africa.

Wazo lililotoka katika chuo cha maafisa wa jeshi

Asili ya umoja wa UWC ina jambo ambalo wasomaji walio jeshini watapenda kulijua. Mwanzilishi wa wazo hilo alikuwa mwalimu Mjerumani, Kurt Hahn, aliyezaliwa mwaka 1886. Hahn alimpinga Hitler, akalazimika kuikimbia nchi yake mwaka 1933, akahamia Uingereza, na mwaka uliofuata akaanzisha shule huko Scotland. Mwaka 1955 alialikwa kutoa hotuba katika chuo cha ulinzi cha jumuiya ya NATO, ambacho wakati huo kilikuwa Paris. Hapo aliwakuta maafisa wa majeshi ambayo miaka kumi tu nyuma yalikuwa yakiuana. Sasa walikaa darasa moja, wakala meza moja, na kutatua matatizo pamoja.

Hahn alijiuliza: ikiwa watu wazima waliopigana wanaweza kujifunza kuishi pamoja, kwa nini vijana wasifundishwe jambo hilo kabla ya kupigana? Akishirikiana na mkuu wa chuo kile, Lawrance Darvall wa jeshi la anga la Uingereza, alilifanyia kazi wazo hilo, na mwaka 1962 shule ya kwanza ikafunguliwa katika ngome ya kale ya St Donat's, pwani ya Wales. Mwanzoni ilichukua wavulana peke yao. Wasichana waliingia mwaka 1967.

Afrika nayo ilikuwa na mwanzo wake. Mwaka 1963, katika Swaziland ambayo leo inaitwa Eswatini, ilifunguliwa shule ya Waterford, iliyopokea watoto wa rangi zote wakati ambapo jirani yake, Afrika ya Kusini, ilikuwa ikiwatenga kwa sheria. Binti za Nelson Mandela na Winnie walisoma hapo. Shule hiyo iliingia katika umoja wa UWC mwaka 1981.

Katika Juba somo hili halihitaji mfano wa mbali. Tarehe 30 Agosti 2022, kundi la kwanza la vikosi vya pamoja lilihitimu mafunzo mjini humo kwa mujibu wa mapatano ya amani ya mwaka 2018. Watu waliokuwa wameelekezeana bunduki walisimama katika gwaride moja wakiitikia amri moja. Askari aliyesimama katika safu ile anafahamu jinsi mtu mzima anavyopata taabu kujifunza jambo hilo. Wazo la Hahn ni kwamba mtoto wake aanze kulijifunza akiwa na miaka kumi na sita, chumbani, na mwenzake anayelala kitanda cha pili.

Kinachofundishwa darasani

Bakalorea ya Kimataifa iliundwa mjini Geneva mwaka 1968. Miongoni mwa hatua zake ni hizi tatu: ya watoto wadogo tangu miaka mitatu hadi kumi na miwili, ya kati, tangu kumi na mmoja hadi kumi na sita, na ile ya mwisho ya miaka miwili, iitwayo Diploma, kwa vijana wa miaka kumi na sita hadi kumi na tisa. Hatua hizo tatu hufundishwa katika shule ya Moshi na Arusha.

Katika Diploma mwanafunzi huchagua masomo sita. La kwanza ni fasihi au lugha anayoimudu zaidi. La pili ni lugha nyingine. La tatu ni moja ya masomo ya jamii, kama historia, jiografia au uchumi. La nne ni sayansi. La tano ni hisabati, ambayo haikwepeki. La sita ni sanaa, au badala yake somo jingine kutoka makundi yaliyotajwa. Kwa kawaida matatu husomwa kwa kina na matatu kwa kiwango cha wastani. Kijana hawezi basi kusema, “Mimi ni wa sayansi, historia hainihusu,” wala mwingine hawezi kuikimbia hisabati kwa kuwa anapenda mashairi. Hapo ndipo mtaala huu unapotofautiana na kidato cha tano na sita cha Tanzania na Uganda, ambamo mwanafunzi huchagua mchepuo wake mapema na kushika masomo machache.

Kila somo lina alama saba. Sita mara saba ni arobaini na mbili, na alama tatu za nyongeza hutolewa kwa kazi mbili nyingine, hata jumla ya juu kabisa huwa 45. Asiyefikisha 24 hapati Diploma, na hata aliyefikisha hana budi kutimiza masharti mengine. Kazi ya kwanza ya nyongeza ni insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, juu ya swali ambalo mwanafunzi amelichagua mwenyewe. Ya pili ni somo linalomfundisha kuuliza: jambo hili ninalojua, nimelijuaje? Nani amesema, na ushahidi wake uko wapi? Polisi mpelelezi atalitambua swali hilo, kwa sababu ndilo ambalo yeye hufanyia kazi kila siku.

Juu ya hayo kuna sharti la tatu lisilo na alama, ila asiyelitimiza hapewi Diploma. Ni lazima kijana afanye kazi ya ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii katika muda wote wa masomo, na aandike alichojifunza. Hapa ndipo njia ya Geneva na njia ya Elimu ya Kujitegemea zinapokaribiana. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967 akilalamika kwamba shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni humtenga kijana na wazazi wake na kumfanya aidharau kazi ya mikono. Yeye alitaka shule iwe na shamba. Hahn alitaka shule iwe na kikosi cha uokoaji baharini. Wote wawili waliogopa jambo moja: msomi asiyejua kumtumikia mtu mwingine.

Maisha chini ya mlima

Moshi ni mji wa kahawa. Wachaga waliilima tangu zamani za ukoloni, na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Shule ipo katika mji huo wenye miti mingi, na mlima umesimama upande wa kaskazini. Asubuhi mawingu yakifunguka, kilele huonekana cheupe. Saa nne ikifika, mara nyingi kimekwisha kujifunika. Mwezi Machi hadi Mei mvua za masika hunyesha. Juni na Julai kuna baridi ambayo mtoto aliyezoea jua la Juba ataihisi mifupani. Mama asisahau sweta.

Katika shule ya bweni siku hugawanywa kama kambini: kuna saa ya kuamka, saa ya chakula, saa ya darasa, saa ya michezo, saa ya kujisomea usiku, na saa ya kuzima taa. Tofauti ni nani uliye naye. Mtoto wa Juba huweza kujikuta chumba kimoja na mtoto wa Ulaya, wa Asia, na wa nchi ambayo jina lake alilisikia redioni tu. Mmoja anasali Ijumaa, mwingine Jumapili, mwingine hasali kabisa. Mmoja huamka kwa kelele, mwingine hapendi kusemeshwa kabla ya chai. Hakuna mwalimu awezaye kuyafundisha mambo hayo ubaoni. Hujifunzwa kwa kugombana juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi, kisha kupatana.

Na mlima haukuwekwa pale kwa kutazamwa tu. Tangu zamani shule hiyo imejulikana kwa safari zake za milimani. Wanafunzi huanza kwa matembezi mafupi na kulala mahemani, wakapanda ngazi kwa ngazi hadi safari nzito. Karibu nao kuna milima ya Pare na Usambara. Kuna Mlima Meru wenye mita 4,566. Na mwisho kuna Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, kichwa huuma, na miguu hukataa amri. Aendaye haraka hushindwa. Ndiyo maana waongozaji wa mlima ule hawaishi kusema “polepole”. Hapo cheo cha baba hakimsaidii mtoto. Humsaidia mwenzake anayempunguzia mzigo.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba maisha hayo ni matamu siku zote. Mtoto hupata upweke. Wengine huona wenzao wakitumiwa fedha na vitu ambavyo kwao havipo, wakaanza kuona haya kusema mzazi anafanya kazi gani. Wengine hurudi likizo wakikataa kisra na asida na kuwasahihisha wadogo zao Kiingereza. Hilo ni kosa dogo likionywa mapema, na ni hasara kubwa likiachwa.

Lugha ya nyumbani

Lipo swali moja ambalo kijana huulizwa anapoanza Diploma, nalo hugusa historia ya Juba moja kwa moja: “Lugha yako ni ipi, na ina vitabu gani?”

Aprili 1928, huko Rejaf, mji mdogo kando ya Nile kusini mwa Juba, ulifanyika mkutano wa lugha. Wamisionari, wataalamu na maafisa wa serikali walichagua lugha kadhaa za kusini za kufundishia watoto wadogo, miongoni mwazo Dinka, Bari, Nuer, Shilluk, Latuko na Zande, na wakapatana juu ya namna ya kuziandika. Wenyeji wa lugha zile hawakuwa na kauli kubwa katika mkutano ule, na nia za watawala zilikuwa na mengi ndani yake. Lakini vitabu vilichapwa, na watoto wakasoma kwa lugha ya mama zao. Mtaala wa taifa nao umeirudisha kanuni hiyo: miaka ya mwanzo ya shule ya msingi hufundishwa kwa lugha ya mahali, ndipo Kiingereza kishike.

Bakalorea ya Kimataifa humpa mwanafunzi njia ya kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo. Hujisomea kwa msaada na usimamizi. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zitahiniwazo. Lugha yenye wasemaji wachache huweza kuombewa nafasi ya pekee, kwa sharti kwamba ina maandishi ya kutosha. Sharti hilo ndilo zito. Kijana wa Kibari au Kidinka anayeulizwa vitabu vyake viko wapi hana budi kuandika barua nyumbani, na nyumbani nao watajua ya kuwa mtoto aliyepelekwa mbali ameulizwa habari za kwao.

Kwa hiyo shule njema ya kimataifa haimwombi mtoto aisahau lugha yake. Ikiwa shule inajigamba kwamba wanafunzi wake hupigwa marufuku kutamka neno la nyumbani, mzazi ajue kwamba hiyo imelivaa jina tu.

Mambo ya kuangaliwa kabla ya kutoa fedha

Kwanza, mzazi aulize ni mtihani gani mtoto ataufanya mwishoni, na nani anautahini. Jina la “kimataifa” si mtihani. Bakalorea ni mmoja. Mitihani ya Cambridge ni mingine. Shule nyingine zenye jina hilo hufundisha mtaala wa kawaida wa Uganda au Kenya, jambo ambalo si baya ikiwa limesemwa wazi. Shule yoyote ifundishayo Bakalorea lazima iwe imeidhinishwa na makao yake, na orodha ya shule zilizoidhinishwa hutangazwa. Asiyeonyesha idhini asipewe fedha.

Pili, aangalie viungo vya njia. Zamani nchi za Afrika ya Mashariki zilikuwa na baraza moja la mitihani, lililoundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, Kenya mwaka 1980, na Uganda ikaunda baraza lake mwaka 1983. Tangu hapo kila nchi imeshika njia yake. Kenya iliingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na tangu mwaka 2017 imekuwa ikiuacha kidogo kidogo kwa mtaala mwingine. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020. Mtoto anayehamishwa katikati huweza kupoteza mwaka. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini uanachama huo haukuziunganisha mitaala. Afadhali mtoto amalize hatua aliyoianza, ndipo ahamishwe.

Tatu, habari ya ada. Shule hizi ni za gharama kubwa, na hakuna haja ya kuificha kweli hiyo. Hata hivyo umoja wa UWC huchagua vijana wa Diploma kwa njia ya kamati za nchi, ambazo zipo katika nchi zaidi ya 150, na hutoa misaada kwa kuangalia uhitaji wa familia. Umoja huo umefanya juhudi pia za kuwapokea vijana wakimbizi. Kijana mwenye bidii na moyo wa kuwatumikia wengine asikate tamaa kwa sababu baba yake hana cheo. Maombi hufanywa miezi mingi kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo mwenye kutaka aanze kuuliza mwaka mmoja mbele. Na yeyote anayeomba hongo ili amtafutie mtoto nafasi, huyo ni tapeli.

Nne, hati. Safari ya Juba hadi Moshi kwa barabara hupita Nimule, Gulu, Kampala na Nairobi, kisha Namanga na Arusha. Ni mipaka mitatu. Hati ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na barua ya shule viwekwe katika mkoba unaoshikwa mkononi, si ndani ya sanduku. Nakala zake zibaki nyumbani.

Tano, na hili halina gharama: mtoto asiondoke kabla hajajua kufua, kupika uji, kushona kifungo na kutandika kitanda. Wavulana wafundishwe sawasawa na wasichana. Aidha apewe siku maalumu ya kuzungumza na nyumbani kila juma, na baba aliye mbali naye apange saa yake. Mtoto anayejua kwamba Jumapili jioni atasikia sauti ya kwao huweza kuivumilia Jumatano.

Sanduku litakaporudi

Mwisho wa yote, mzazi hampeleki mtoto shule ili apate kumkosa. Kizazi cha kwanza cha Juba kilikwenda mbali kwa sababu shule za karibu zilikuwa chache. Kizazi cha pili kilikwenda kwa sababu ya risasi. Kizazi hiki ndicho cha kwanza ambacho baadhi ya watoto wake wanakwenda kwa kuchagua, na mwenye kuchagua ana wajibu wa kujua sababu yake.

Shule ya Moshi ilianza kwa ajili ya watoto wa madaktari waliokuja kumsaidia mwenyeji, kisha wakarudi makwao. Baada ya zaidi ya nusu karne, kipimo chake, na kipimo cha kila shule yenye jina la kimataifa, hakipatikani katika idadi ya bendera zilizopandishwa mlangoni. Kinapatikana siku ile basi linapoingia Juba kutoka Nimule, sanduku la bati likashushwa, rangi nyeupe ya jina imekwisha kukwaruzika, na kijana akashuka. Mama atamtazama kama amenenepa. Baba atamtazama namna anavyowasalimu wazee. Akiwaamkia kwa lugha yao, kisha akainua mwenyewe sanduku lake na kuingia nalo ndani, na asubuhi akaketi na wadogo zake kuwaonyesha hisabati, basi ada haikupotea.